Petroli yenye ethanoli: bodaboda wa Bahi ajue nini kabla haijafika kwenye pampu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, madereva kwenye vijiwe vya bodaboda vya Bahi, Kigwe na Mundemu husubiri habari moja: EWURA imetangaza bei gani? Lita ikipanda kwa shilingi mia, mia hiyo haitoki kwa abiria, maana abiria anataka nauli ya jana. Inatoka kwa dereva, kwenye kile kidogo kinachobaki baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki.

Kwa hiyo likija neno lolote la mafuta ya bei nafuu, watu husikiliza. Neno linalozungumzwa sasa katika nchi nyingi ni ethanoli, yaani petroli iliyochanganywa na kileo kitokanacho na mimea. Uganda ina sheria ya mwaka 2020 inayohusu kuchanganya mafuta ya namna hiyo. Malawi wameyatumia tangu mwaka 1982. India, inakotengenezwa pikipiki nyingi za Boxer na TVS tunazopanda hapa, imefikia kuuza petroli yenye asilimia 20 ya ethanoli karibu kila pampu.

Tanzania haijaufanya mchanganyiko huo kuwa lazima. Lakini mwongozo wa serikali kuhusu nishati ya mimea upo tangu mwaka 2010, na kila bei ya mafuta ikipanda duniani mjadala huu hurudi. Tumeona ni vyema tuufafanue mapema, kwa sababu mafuta haya yana faida, yana gharama zake, na yanamgusa mtu wa Bahi mara mbili: kama dereva na kama mkulima.

Ethanoli ni kitu gani?

Ni kileo kilekile kinachopatikana kwenye bia, kwenye pombe ya mtama na kwenye gongo. Tofauti ni usafi wake. Unachachusha kitu chenye sukari au wanga, kisha unakikeneka. Kwa matumizi ya injini, kiwanda kinaendelea kukikausha mpaka maji karibu yote yaondoke na kubaki kileo cha zaidi ya asilimia 99.

Malighafi inayotumika sana Afrika ni molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Hapa Tanzania, kampuni ya sukari ya Kilombero ina kiwanda kinachotengeneza spiriti kwa molasi. Nchi nyingine hutumia muhogo, mahindi au mtama.

Mchanganyiko hutajwa kwa herufi E na namba. E10 maana yake kila lita kumi zina lita moja ya ethanoli na lita tisa za petroli. E20 ni lita mbili kwa nane. Namba hiyo ndiyo jambo la kwanza la kuuliza siku mafuta haya yatakapofika.

Kwa nini nchi zinachanganya?

Sababu kubwa ni fedha za kigeni. Petroli yetu yote inaagizwa kutoka nje kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, na inalipwa kwa dola. Mwaka 2022, bei ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuishusha. Lita moja ya ethanoli iliyotengenezwa nchini ni lita moja isiyonunuliwa kwa dola.

Sababu ya pili ni umbali. Meli inashusha mafuta Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na kila kilometa ya kuja Dodoma ina gharama yake. Malawi, nchi isiyo na bahari, ilianza kuchanganya hasa kwa shida hiyo.

Sababu ya tatu ni ya injini yenyewe. Ethanoli huongeza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, hivyo injini haigongi kirahisi. Pia ina oksijeni ndani yake, na hilo husaidia mafuta kuungua vizuri zaidi.

Lita ni lita, lakini kilometa si zilezile

Hapa ndipo dereva anapaswa kuwa makini. Lita moja ya ethanoli ina nguvu inayokaribia theluthi mbili tu ya lita moja ya petroli. Ukichanganya kidogo, upungufu unakuwa mdogo, lakini upo. E10 hupunguza kilometa kwa kiasi cha asilimia 3. E20 hupunguza kwa asilimia 6 hadi 7 kwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Tupige hesabu. Tuseme dereva anatumia lita tatu kwa siku, na lita ni shilingi 3,000. Akiweka E10, kwa safari zilezile atahitaji lita tatu na desimali moja. Hiyo ni shilingi 300 zaidi kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Akiweka E20, nyongeza ni karibu mara mbili: shilingi 15,600.

Maana yake ni nini? Kama petroli ya kawaida ni shilingi 3,000, basi E10 inakuwa nafuu kwako pale tu inapouzwa chini ya shilingi 2,900. Ikiuzwa 2,950, ubao wa bei utakuambia umeokoa hamsini, lakini barabara ya kwenda Chipanga itakuambia umepoteza. E20 inapaswa kushuka mpaka 2,800. Bei ya lita pekee haitoshi kukupa jibu. Piga hesabu ya kilometa.

Jambo hili limezua malalamiko India. Mwaka 2025 wenye magari na pikipiki za zamani walilalamika kwamba wanauziwa E20 bila kuwa na chaguo jingine, na kwamba vyombo vyao vinakula mafuta zaidi. Serikali yao ilikubali kwamba upungufu wa kilometa upo, ingawa ilisema ni mdogo.

Kinachotokea ndani ya tenki

Ethanoli ina tabia nne ambazo fundi na dereva wanapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kupenda maji. Petroli na maji havichanganyiki. Maji hukaa chini ya tenki. Ethanoli huyavuta maji na kuyashika ndani ya mafuta. Yakiwa kidogo hayadhuru, huungua na kutoka. Yakizidi kipimo, ethanoli huiacha petroli na kushuka chini pamoja na maji. Kwa lita kumi za E10, kipimo hicho ni karibu vijiko vitatu vya chakula. Hapo chini ndipo koki inapovutia mafuta, kwa hiyo pikipiki inamisi, inazima, na inakataa kuwaka.

Kwetu hili lina uzito wake. Wakati wa mvua, mfuniko wa tenki wenye mpira uliochoka huingiza maji. Tena mafuta ya moto hushika maji mengi kuliko mafuta ya baridi. Jua la mchana la Dodoma linaweza kuyaficha maji ndani ya mafuta, halafu baridi ya alfajiri ya Juni au Julai ikayatenganisha. Dereva aliyelala na pikipiki nzima anaamka na pikipiki isiyowaka.

Ya pili ni kusafisha. Ethanoli huyeyusha uchafu na utando ulioganda kwenye tenki kwa miaka. Ni jambo jema, ila uchafu huo lazima uende mahali: unaenda kwenye chujio na kwenye jeti za kabureta. Pikipiki ya zamani inayoanza kutumia mafuta haya itaziba katika siku za mwanzo, na wengi watadhani mafuta ni mabovu.

Ya tatu ni kula baadhi ya mipira. Mabomba na oringi za zamani huvimba, hulainika au hupasuka. Vyuma kama aluminiamu na shaba ndani ya kabureta vinaweza kupata kutu mafuta yakikaa muda mrefu bila kutumika.

Ya nne ni kubadilisha uwiano wa hewa na mafuta. Kwa kuwa ethanoli inakuja na oksijeni yake, injini inapata hewa nyingi kuliko ilivyopangiwa. Pikipiki za mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta kwa umeme, zikiwa na sensa ya oksijeni, hujirekebisha zenyewe kwa kiasi fulani. Zetu nyingi ni za kabureta, na kabureta haijui umeweka nini. Ukizidisha, injini inapata joto na plagi inakuwa nyeupe. Kwa E10 kabureta nyingi huvumilia. Zaidi ya hapo, fundi anaweza kulazimika kubadilisha jeti.

Chombo gani kinaweza, kipi hakiwezi?

Pikipiki na bajaji za petroli: watengenezaji wengi huruhusu mpaka E10. Angalia kitabu cha pikipiki, au maandishi karibu na mfuniko wa tenki. Pikipiki zinazouzwa India kuanzia mwaka 2023 zimetengenezwa kwa vifaa vinavyohimili E20, lakini usichukulie kwamba iliyouzwa kwetu ni sawa na ile, hata kama jina ni moja. Uliza muuzaji.

Pampu za maji za petroli kwenye bustani, jenereta ndogo na misumeno ya moto: tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu hukaa muda mrefu bila kuwashwa. Msimu ukiisha, toa mafuta kwenye tenki na uache injini iungue mpaka izime yenyewe.

Pawatila, trekta, lori na mashine za kusaga za dizeli: usiweke kabisa. Dizeli huwaka kwa mgandamizo, na ethanoli haiwaki vizuri kwa njia hiyo. Tena huharibu ulainishaji wa pampu ya dizeli. Wakulima wa mpunga wenye pawatila wasidanganywe na mtu anayesema ni "mafuta ya mimea, yanafaa kila injini". Mafuta ya mimea ya kuendeshea dizeli yapo, hutengenezwa kwa mbegu kama mbono au alizeti, lakini hicho ni kitu kingine.

Usijichanganyie nyumbani

Tunalisema hili bila kuzunguka. Gongo si ethanoli ya injini. Hata gongo kali ina maji mengi. Ukiimimina kwenye tenki unaongeza maji, na kama tulivyoeleza, maji hayo yatashuka chini na kuvuta kila kitu. Spiriti ya dukani nayo ina maji, na nyingine ina viungo visivyojulikana.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni hatari zaidi: ethanoli ya mafuta hailewi mtu salama. Viwandani hutiwa sumu makusudi ili isinywewe. Kama mafuta haya yatafika vijijini kwenye madumu, kila mzazi ajue hivyo.

Kuchanganya mafuta na kuyauza bila leseni ni kosa kisheria. Tanzania imepambana na uchakachuaji kwa muda mrefu. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya na petroli na dizeli. Ethanoli isipoingizwa kwa utaratibu, itafungua mlango mwingine kwa watu walewale.

Jaribio la maji

Kuna njia rahisi ya kujua kama petroli ina ethanoli. Fanya nje, mbali na jiko, sigara na simu inayolia.

Chukua chupa nyembamba inayopitisha mwanga, yenye alama za mililita, ambayo haitatumika tena kwa chakula wala dawa. Weka maji mililita 10. Ongeza petroli mililita 100. Funga, tikisa kwa dakika moja, fungua kidogo hewa itoke, kisha acha itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini, petroli juu.

Kama maji yamebaki kwenye alama ya 10, hakuna ethanoli. Kama sehemu ya chini imepanda karibu na 20, ethanoli imeyafuata maji, na mafuta hayo ni kama E10. Ikikaribia 30, ni kama E20. Jaribio hili halionyeshi mafuta ya taa, kwa hiyo lisikupe uhakika wa kila kitu.

Majirani wametufundisha nini?

Kenya iliuza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli jijini Nairobi kuanzia 1983 hadi 1993. Ethanoli ilitoka kiwanda cha Muhoroni, katika ukanda wa miwa. Teknolojia haikushindwa, magari yalitembea miaka kumi. Mpango ulikufa kwa sababu za bei na biashara, kwani spiriti ilikuwa na masoko mengine.

Malawi wamedumu. Viwanda vyao viko karibu na mashamba ya miwa ya Dwangwa na Nchalo, na vinatumia molasi ambayo ingekuwa taka. Hata hivyo kiwango cha mchanganyiko kimekuwa kikipanda na kushuka kulingana na molasi iliyopo mwaka huo.

Zimbabwe ilifanya mchanganyiko kuwa lazima mwaka 2013. Asilimia imekuwa ikibadilika kati ya 5 na 20, na mara kadhaa wananchi wamelalamika kwamba ethanoli ya ndani ni ghali kuliko petroli ya nje, huku hawana chaguo. Na huko Chisumbanje, penye mashamba ya miwa ya mradi huo, kumekuwa na mgogoro wa ardhi na wanakijiji.

Sisi wenyewe tuna historia. Kampuni ya SEKAB kutoka Sweden ilipanga kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo, ikajiondoa mwaka 2009. Mradi ukachukuliwa na kampuni nyingine, hati ya ardhi ikafutwa, na mgogoro ukaishia kwenye usuluhishi wa kimataifa. Kisarawe, vijiji 11 viliachia ardhi kwa ajili ya mbono, na mwaka 2011 mwekezaji alifunga kazi. Wanakijiji walibaki bila ajira walizoahidiwa na bila ardhi yao.

Na mtama wetu je?

Hili ndilo swali linalotugusa zaidi hapa katikati ya nchi. Ethanoli inaweza kutengenezwa kwa mtama, na Bahi tunalima mtama na uwele kwa sababu mvua yetu haitabiriki. Je, kiwanda cha ethanoli kingekuwa soko la mkulima?

Gunia la mtama la kilo 100 hutoa ethanoli lita 35 hadi 40. Kwa nguvu ya injini, hizo ni sawa na lita 25 hivi za petroli. Yule dereva wetu wa lita tatu kwa siku atazimaliza kwa siku nane. Gunia hilohilo, kwa mtu mzima mmoja anayekula nusu kilo ya nafaka kwa siku, ni chakula cha siku 200. Kwa familia ya watu watano ni siku 40.

Hatusemi mkulima asiuze mtama wake. Tayari mtama wa Dodoma unakwenda kwenye viwanda vya bia, na mkulima anahitaji fedha. Tunasema hesabu hiyo iwekwe mezani. Wazee wa Ugogo hawajasahau Mtunya, njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe kwa ajili ya vita. Nafaka iliondoka, ukame ukaja, na ghala lilikuwa tupu. Eneo lenye kumbukumbu hiyo lina haki ya kuuliza maswali kabla ya kukubali nafaka yake iwe mafuta.

Molasi ni habari nyingine. Haipunguzi sahani ya mtu. Kama Tanzania itachanganya petroli kwa ethanoli ya molasi kutoka kwenye viwanda vya sukari vilivyopo, tunaona hoja ina nguvu. Kama itahitaji ardhi mpya au nafaka ya ukanda wa ukame, hoja inadhoofika.

Tunachoona kinafaa

Mafuta haya si uchawi wala si sumu. Yametumika miaka zaidi ya arobaini Brazil na Malawi. Lakini mtu wa kijijini ndiye wa mwisho kupata taarifa na wa kwanza kupata hasara. Kwa hiyo, kabla ya E10 kuja Bahi, mambo manne yawe wazi.

Asilimia iandikwe kwenye pampu, kwa Kiswahili, kwa maandishi ya kuonekana. Bei kikomo ya mchanganyiko itangazwe peke yake na ishuke kulingana na kilometa zinazopungua. Mafundi wa vijijini wafundishwe mapema, wasije wakajifunza kwa pikipiki za watu. Na malighafi itajwe: inatoka wapi, na kwenye ardhi ya nani.

Wewe msikilizaji, kuna la kufanya leo hata kabla ya ethanoli. Badilisha mpira wa mfuniko wa tenki uliochoka. Safisha chujio. Epuka mafuta ya kwenye chupa yaliyokaa juani, maana hujui yamekaa na nini. Ukinunua sheli, chukua risiti. Bila hiyo huna ushahidi pikipiki ikiharibika. Na bei kikomo ya eneo lako unaweza kuiangalia bure kwa simu yoyote, hata ya kitochi, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Siku pampu ya kwanza itakapoandikwa E10 hapa kwetu, uliza ni kiasi gani kwa kilometa. Muuzaji asipojua, wewe tayari unajua kupiga hesabu.